Lipton: Muuza chai aliyejua kuwa Mwingereza na Mmarekani hawanywi kikombe kimoja

KIMULOT, Bomet

KABLA ukungu unaotoka Msitu wa Mau haujainuka juu ya vilima vya Kimulot, wachumaji huwa wamekwisha kujipanga kwenye safu za majani chai. Mkono huchagua majani mawili na chipukizi lake, huyatupa nyuma kwenye kikapu, kisha hurudi kuchagua mengine. Mchana majani hayo hupimwa katika kituo cha kununulia na jioni huwa yamefika kiwandani. Kuanzia hapo mchumaji hayaoni tena.

Baadhi huishia katika birika la Mwingereza, ambaye huyanywa moto pamoja na maziwa kidogo. Baadhi huishia katika jagi la Mmarekani, ambaye hupoza chai yake kwa vipande vya barafu na kuikamulia limau. Watu hao wawili huzungumza lugha moja na husoma vitabu vilivyoandikwa kwa herufi zile zile. Hata hivyo, kila mmoja akikaribishwa chai nyumbani kwa mwenzake, huenda akakitazama kikombe na kujiuliza amekosewa heshima kwa sababu gani.

Miongoni mwa watu waliotajirika kwa kuitambua tofauti hiyo mapema ni Sir Thomas Lipton. Jina lake limo katika maduka ya mijini na vijijini, na wengi hudhani ni jina la majani chai tu. Ukweli ni kwamba Lipton alikuwa mtu wa nyama na damu, mtoto wa muuza duka maskini, aliyefariki mwaka wa 1931. Maisha yake yana funzo kwa yeyote anayeuza kitu kwa mtu asiyemwona, na mkulima wa Kimulot ni mmoja wao.

Mtoto wa Gorbals

Thomas Johnstone Lipton alizaliwa mwaka wa 1848 katika jiji la Glasgow, Scotland. Wazazi wake walikuwa wametoka karibu na mji wa Clones, Ireland, wakati ugonjwa wa viazi ulipoleta njaa iliyoua watu wengi na kuwafukuza wengine wengi makwao. Familia hiyo ilipanga chumba katika mtaa wa Gorbals, uliojaa wafanyakazi wa viwandani na wahamiaji, na baadaye ikafungua kiduka kidogo katika barabara ya Crown Street. Humo waliuza siagi, mayai na nyama ya nguruwe vilivyoletwa kwa meli kutoka kwa wakulima wa Ireland.

Hapa yafaa msomaji akumbushwe jambo. Katika Kiswahili humwita Mwingereza kila mtu anayetoka katika visiwa vile. Wenyewe hawakubaliani hivyo. Mskoti hapendi kuitwa Mwingereza, na Muairishi hapendi zaidi. Lipton alikulia katikati ya majina hayo: Muairishi kwa damu, Mskoti kwa mahali pa kuzaliwa, na raia wa dola iliyotawaliwa kutoka London. Yamkini ndiyo sababu hakuwa mwepesi wa kudhani kwamba watu wanaosema lugha moja ni watu wa aina moja.

Aliacha shule akiwa bado mtoto ili awasaidie wazazi. Alikuwa tarishi katika duka la karatasi, kisha akafanya kazi kwa watengenezaji wa mashati, halafu akawa mtumishi katika meli iliyosafiri kati ya Glasgow na Belfast. Ndani ya meli hiyo alisikia hadithi za Marekani kutoka kwa abiria na mabaharia. Alipopoteza kazi ile, alichukua akiba yake ndogo na kununua nafasi ya bei ya chini kabisa katika meli iliyokuwa ikielekea New York. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1860, na hakuwa ametimiza miaka 18.

Mgeni ndani ya lugha yake

Wahenga walisema tembea uone. Kijana Lipton alitembea hasa. Kwa takriban miaka minne alifanya kazi katika shamba la tumbaku jimboni Virginia, akaweka hesabu katika shamba la mpunga jimboni South Carolina, na akazunguka kwingineko akitafuta riziki. Kusini mwa nchi ile watu weusi ndio kwanza walikuwa wametoka utumwani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hatimaye alipata kazi katika duka la vyakula jijini New York, na hapo ndipo alipojifunza mambo yaliyobadilisha maisha yake.

Jambo la kwanza linalomkabili mtu wa Uingereza nchini Marekani ni lugha. Alichokiita 'shop' tangu utotoni, kule huitwa 'store'. Majira ambapo majani ya miti hupukutika, Mwingereza huyaita 'autumn' na Mmarekani huyaita 'fall'. Mwingereza akisema 'pants' ana maana ya chupi, ilhali kwa Mmarekani hiyo ni suruali ambayo mtu huivaa mbele ya watu bila haya yoyote. Biskuti nayo ina kisa chake. Kwa Mwingereza ni kitu kikavu cha kutafunia chai. Kusini mwa Marekani ni kimkate laini, cha moto, kisicho na sukari, kinacholiwa kwa mchuzi.

Waingereza wengi wamezoea kusema kwamba Wamarekani waliiharibu lugha. Historia haikubali shutuma hiyo moja kwa moja. Neno 'fall', kwa mfano, lilitumika Uingereza kwenyewe karne kadhaa zilizopita. Wahamiaji walivuka nalo bahari, kisha waliobaki nyuma wakalisahau. Mambo mengine yalifanywa kwa makusudi. Noah Webster, mwalimu wa Marekani aliyechapisha kamusi yake kubwa mwaka wa 1828, aliamini kuwa taifa lililojipatia uhuru lilistahili tahajia yake. Ndipo maneno kama 'colour' na 'honour' yakapoteza herufi moja upande mmoja wa bahari na kubaki nayo upande wa pili.

Sisi huku Kenya tulirithi Kiingereza cha upande mmoja, na Kiswahili chetu kikabeba alama zake. Twasema tochi, lori, petroli na buti ya gari, maneno yaliyotoka kwa Mwingereza. Mmarekani hana habari na maneno hayo kwa maana hizo. Petroli yeye huiita gesi, ingawa ni kitu cha majimaji kile kile. Mwanafunzi wa Bomet akienda Chicago na kuagiza chipsi, ataletewa pakiti ya viazi vikavu ambavyo kwetu huitwa krispi. Akiomba raba ya kufutia maandishi ya penseli, darasa litaangua kicheko kwa sababu isiyofaa kuelezwa katika gazeti la familia. Na akiandika 'colour' kama alivyofundishwa na mwalimu wake, kompyuta itampigia mstari mwekundu.

Tusiwacheke, kwa maana nasi tu vivyo hivyo. Mkenya hupanda matatu, Mtanzania hupanda daladala. Na neno lenyewe 'chai', likitamkwa na askari barabarani, si kinywaji tena.

Lakini Lipton aliona kwamba tofauti haikuishia kwenye maneno. Duka la Uingereza la wakati ule lilikuwa na giza, bidhaa zilifichwa nyuma, na mwenye duka alisubiri mteja aje. Kujisifu kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu. New York duka liling'aa kwa taa, bidhaa zilipangwa zionekane, bei ilitangazwa, na muuzaji aliongea na mteja kama rafiki wa siku nyingi hata kama hawajawahi kuonana. Kile ambacho Mwingereza angekiona kuwa kelele, Mmarekani alikiona kuwa ukarimu.

Nguruwe barabarani

Karibu na mwaka wa 1870 Lipton alirudi Glasgow. Inasimuliwa kwamba alishuka na zawadi mbili za mama yake: pipa la unga na kiti cha kubembea. Mwaka wa 1871 alifungua duka lake la kwanza katika barabara ya Stobcross Street. Duka hilo lilikuwa safi na lenye taa nyingi, na yeye mwenyewe alisimama mbele akiwa amevaa aproni nyeupe.

Methali yetu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lipton hakuiamini. Kwake hata kizuri kilipaswa kutembezwa, na alikitembeza kwelikweli. Aliwapitisha nguruwe wanono katika barabara za Glasgow wakiwa na bango lililowatangaza kuwa wanakwenda dukani kwake. Alichapisha karatasi zilizofanana na noti za benki. Mwaka wa 1881 aliagiza kutoka jimbo la New York jibini kubwa ajabu, likakokotwa barabarani hadi dukani, kisha sarafu za dhahabu zikatiwa ndani yake. Wanunuzi waligombania vipande, na jibini likaisha kwa muda mfupi.

Hizo zilikuwa mbinu za Kimarekani katika mji wa watu wasiopenda makeke, na zingeweza kumletea dharau. Kilichomwokoa ni kwamba alitafsiri mbinu hizo badala ya kuziiga. Watu wa Glasgow wanajulikana kwa kupenda mzaha, kwa hiyo matangazo yake yalikuwa ya kuchekesha. Alijifanya kichekesho yeye kwanza, na mtu anayejicheka ni vigumu kumwita mwenye majivuno. Vilevile alipunguza bei. Aliwaepuka madalali na kununua moja kwa moja kwa wakulima wa Ireland, jinsi wazazi wake walivyofanya katika kiduka chao, na faida iliyokuwa ikiishia mikononi mwa watu wa kati aliigawanya kati yake na mnunuzi. Kufikia mwaka wa 1888 maduka yake yalikuwa yapata 300 kote Uingereza.

Chai yaingia dukani

Wakati huo chai ilikuwa imekwisha kuwa kinywaji cha kila Mwingereza, tajiri kwa maskini. Huko Scotland na kaskazini mwa Uingereza neno 'tea' lilikuwa hata jina la chakula cha jioni. Mfanyakazi aliyesema anarudi nyumbani kwa chai alikuwa na maana ya mkate, nyama na viazi, na kikombe kando yake. Lakini chai yenyewe ilikuwa ghali kwa maskini, na iliuzwa kwa kupimwa kutoka katika sanduku lililo wazi. Mnunuzi hakuwa na hakika ya uzito wala usafi wake.

Mwaka wa 1890 Lipton alisafiri hadi Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Ugonjwa ulikuwa umeangamiza mibuni ya kisiwa hicho, na mashamba yaliuzwa kwa bei ya chini. Alinunua mashamba kadhaa, likiwemo lile la Dambatenne karibu na Haputale, akaanza kuuza chai yake bila kupitia mikononi mwa wafanyabiashara wakubwa wa London. Aliitia katika pakiti zenye uzito maalumu, zilizofungwa na kuchapwa jina lake. Bei ikashuka kiasi cha maskini kuimudu.

Jambo moja analosifiwa nalo lafaa kuzingatiwa na kila mkulima. Inasemekana alichanganya majani tofauti kwa miji tofauti, kwa sababu maji ya kila mji yana ladha yake, na chai iliyo tamu kwa maji ya Glasgow huenda ikachujuka kwa maji ya London. Hakumtaka mnywaji abadilishe maji yake, bali alibadilisha chai.

Hata hivyo sifa hizo zina kivuli. Katika matangazo yake aliwaonyesha wanawake wa Kitamil wakiwa na vikapu na nyuso za furaha. Wachumaji hao, ambao wazee wao walitolewa kusini mwa India kuja kufanya kazi mashambani, waliishi katika vibanda na kulipwa ujira mdogo. Lipton aliwaondoa madalali kati ya shamba na birika, na mnywaji akapata nafuu. Mchumaji alibaki pale pale alipokuwa.

Taifa lililomwaga chai

Nchini Marekani hali ilikuwa tofauti kabisa. Chai ilikuwa na historia ya uchungu huko. Usiku wa Desemba 16, 1773, wakazi wa Boston waliopinga kodi ya serikali ya London walipanda meli na kumwaga baharini masanduku 342 ya chai. Baada ya hapo kukataa chai kukawa alama ya uzalendo, na kadiri miaka ilivyopita kahawa ikatawala meza ya Mmarekani. Waliobaki wakinywa chai walizoea zaidi ile ya kijani kutoka China na Japani.

Mfanyabiashara mwingine angewahubiria Wamarekani kuhusu namna sahihi ya kutengeneza chai, jambo ambalo Waingereza hulipenda sana. Lipton aliwajua Wamarekani kwa kuwa alikuwa amekula na kulala nao. Alianzisha kampuni katika mji wa Hoboken, New Jersey, katika miaka ya 1890, akatangaza kwa sauti kubwa kama wenyeji walivyopenda, na akaacha kila mtu anywe atakavyo.

Na walivyotaka ilikuwa baridi. Desturi ya kutia barafu katika chai ilikuwapo tayari kusini mwa nchi hiyo, na kitabu cha mapishi kilichotoka Virginia mwaka wa 1879 kilieleza namna ya kuitengeneza. Katika Maonyesho ya Dunia ya St Louis mwaka wa 1904, wakati wa joto kali, chai ya barafu ilipata umaarufu mkubwa zaidi. Mwanzoni mwa karne hiyo hiyo Wamarekani walianza kutumia vifuko vidogo vya kutumbukiza kikombeni. Mwingereza alivikataa vifuko hivyo kwa miongo kadhaa, hadi vilipoanza kuuzwa kwa wingi nchini mwake katika miaka ya 1950. Leo hii Waingereza wengi hawajui chai isiyo ya kifuko, na hawapendi sana kukumbushwa ilikotoka.

Kushindwa kwa heshima

Malkia Victoria alimpa Lipton cheo cha 'Sir' mwaka wa 1898, mwaka mmoja baada ya kutoa pauni 25,000 za kugharimia karamu ya maskini wa London katika maadhimisho ya miaka 60 ya utawala wake. Licha ya cheo hicho, na urafiki wake na Mfalme Edward VII, wakubwa wa nchi hawakusahau kwamba alikuwa ameuza mayai na nyama. Nchini Uingereza wakati ule, utajiri wa urithi ulihesabiwa kuwa bora kuliko utajiri wa jasho. Marekani ilikuwa kinyume: huko mtu aliyeanza bila kitu ndiye aliyestahiwa zaidi, na hadithi ya Lipton ilipendwa kuliko chai yake.

Tofauti hiyo ilionekana wazi katika mashindano ya mashua ya tanga yanayoitwa America's Cup. Kikombe hicho kilichukuliwa na Wamarekani katika maji ya Uingereza mwaka wa 1851, na Waingereza walitamani kukirudisha. Lipton alijaribu mara tano, mwaka wa 1899, 1901, 1903, 1920 na 1930, kila mara kwa mashua iliyoitwa Shamrock, jina la jani ambalo ni nembo ya Ireland. Alishindwa mara zote tano. Mwaka wa 1920 alishinda mbio mbili za kwanza na kubakisha moja tu, lakini Wamarekani wakashinda tatu zilizofuata.

Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Lipton alikubali kwa tabasamu, hakulalamika, akawapongeza washindi na kuahidi kurudi. Wamarekani, ambao hudaiwa kuwa hawathamini ila ushindi, walimpenda mno kwa hilo. Baada ya kushindwa kwake kwa mwisho mwaka wa 1930, mchekeshaji Will Rogers alihimiza wananchi wachange fedha kidogo kidogo ili mzee huyo anunuliwe kikombe chake. Akapewa kikombe cha dhahabu. Kwao, klabu ya kifahari zaidi ya mashua nchini Uingereza ilimkubali kuwa mwanachama mwaka wa 1931, akiwa amebakisha miezi michache tu ya kuishi.

Mfanyabiashara huyo hakuwa amepata hasara pia. Kila mara Shamrock ilipovuka Atlantiki, jina la Lipton liliandikwa katika magazeti yote ya Marekani, na pakiti zake zikanunuliwa. Biashara haigombi.

Alifariki Oktoba 2, 1931, nyumbani kwake kaskazini mwa London, bila mke wala mtoto. Alizikwa Glasgow kando ya wazazi wake, na sehemu kubwa ya mali yake akaliachia jiji hilo kwa ajili ya wagonjwa na maskini.

Jina lafika Kericho

Lipton alipofariki, chai ya Kericho ilikuwa bado changa. Mche wa kwanza nchini Kenya ulipandwa Limuru mwaka wa 1903, na mashamba makubwa ya Kericho yakaanza katika miaka ya 1920, wakati kampuni za Uingereza zilipopewa ardhi na serikali ya kikoloni. Ardhi hiyo Wakipsigis na ukoo wa Talai hawajaacha kuidai hadi leo.

Jina la Lipton lilifika huku kwa njia ndefu. Kampuni ya Unilever iliyokuwa imelichukua jina hilo iliinunua Brooke Bond mwaka wa 1984, na pamoja nayo mashamba ya Kericho. Mwaka wa 2022 Unilever iliuza sehemu kubwa ya biashara yake ya chai, na mwaka wa 2024 ikatangazwa kwamba mashamba hayo yangechukuliwa na kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Kwa hiyo kisiwa ambacho Lipton alikwenda kununua mashamba mwaka wa 1890 ndicho sasa kinachokuja kununua mashamba huku kwetu. Dunia ni duara.

Lakini kwa mkulima mdogo wa Kimulot anayesubiri bonasi kila mwaka, swali kubwa ni lile ambalo Lipton alilijibu mapema: anayekunywa ni nani, na anakunywa vipi? Karibu chai yote ya Kenya hukatwakatwa na kusokotwa kwa mashine iwe chembe ndogo. Chai hiyo hukolea upesi, huwa na rangi nzito na huhimili maziwa. Ndiyo maana inampendeza Mwingereza, na ndiyo maana Pakistan, taifa jingine la chai ya maziwa, ndilo mnunuzi wetu mkubwa zaidi.

Mmarekani hatafuti hayo. Chai kali ikipoa hufanya ukungu, na yeye hutaka jagi lake liwe angavu hata likitiwa barafu. Kwa sababu hiyo, pamoja na unafuu wa bei, kwa miaka mingi amenunua majani mengi kutoka Argentina, nchi ambayo watu wake wenyewe hawasifiki sana kwa unywaji wa chai ya aina hii. Chai ya Kenya ni bora, na wataalamu wa kuonja wanalijua hilo. Ila ubora wa kikombe cha maziwa si ubora wa jagi la barafu. Majani yetu yanauzwa kwa dola ya Marekani katika mnada wa Mombasa, huku Mmarekani mwenyewe akiwa si mnunuzi wetu mkubwa.

Yapo maneno kila mwaka kuhusu kuongeza thamani ya majani chai, kutengeneza aina nyingine na kutafuta masoko mapya. Maneno hayo ni ya haki. Hata hivyo mashine mpya peke yake haitatosha iwapo anayeiagiza anadhani kwamba mtu anayesema Kiingereza ni mtu mmoja. Mtoto wa Gorbals aliishi miaka minne miongoni mwa Wamarekani ndipo akawajua, na hakuwa na shahada yoyote.

Jioni Kimulot, baada ya majani kupimwa, sufuria huwekwa motoni. Maji, maziwa, majani na sukari vyote huchemshwa pamoja hadi vifure. Mwingereza akiona hivyo atashtuka, kwani yeye maziwa huyatia mwishoni, tena kidogo. Mmarekani atatafuta barafu asiione. Mwenyeji hatajali, maana hiyo ndiyo chai kwake na mgeni wake ataikaribishwa hivyo hivyo. Ana haki ya kuinywa apendavyo. Ile anayoiuza ndiyo inayompasa kuulizia mnywaji wake.